Sikio la Chifu

Saa nne kasoro asubuhi Chifu alikataa kikombe cha bluu. Alikuwa amekiomba mwenyewe. Alipoletewa alikitazama kama vile kimemtukana, akakisukuma, maziwa yakatapakaa mezani. Kisha akakitaka tena. Kisha akataka chekundu, na alipopewa chekundu akalia kwa sababu hakikuwa cha bluu. Alikuwa na miaka miwili kasoro miezi miwili, umri ambao binadamu hajui anachotaka ila anakitaka sasa hivi. Akajitupa chali kwenye sakafu ya jikoni, akakaza mgongo, akaanza kupiga visigino.

Mlezi wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Dada, alizima jiko, akachuchumaa, akamnyanyua, akambana kifua kwa kifua na kuhesabu polepole mpaka kumi na mbili. Hasira ikamtoka mtoto, ikaingia kwake. Akamweka Chifu ndani ya uzio wake wa kuchezea, akampa gari lake la mbao, akaingia chumba cha kufulia na kufunga mlango. Humo alilala chali kati ya mashine na beseni la nguo chafu, akapiga visigino sakafuni na kupiga mayowe kwamba hataki, hataki, hataki. Ilichukua dakika saba. Akanawa uso, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akarudi kufuta maziwa.

Halafu akaandika. Mama Chifu alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha sabuni, na mtu wa kazi hiyo hawezi kulea kwa kubahatisha. Alikuwa na daftari kubwa lenye safu zilizopigwa kwa rula: Chakula, Usingizi, Choo, Joto, Hasira, na ya sita, Kwa nani. Dada aliandika: Hasira, moja. Dakika saba. Sababu, kikombe. Kwa mlezi.

Safu ya sita iliongezwa Chifu alipokuwa na miezi minane, wiki ya meno ya mbele. Mtoto alikuwa halali mchana, anachuruzika udenda, anatafuna kila kitu mpaka mguu wa meza. Dada alishinda naye kifuani, na ilipofika jioni mtoto alikuwa anacheka na Dada ndiye anayetafuna kitambaa kilichopoozwa kwenye friji. Mama Chifu aliporudi kutoka kazini alimfungua mdomo Dada, akaona fizi zimevimba, akasema pole sana, kisha akaenda kutafuta rula. Baba Chifu alipoelezwa alisema afadhali, na akauliza nani ameona funguo za gari.

Tangu hapo mambo yakafuatana. Mafua yalikaa kwa Chifu nusu saa na kwa Dada wiki nzima. Kuhara kulimwanza Chifu saa mbili, na saa tano Dada ndiye aliyekuwa anakimbilia chooni na kunywa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtoto. Upele wa nepi nao ulikuja, na huo hatutaueleza, mwanamke mzima ana heshima yake. Chifu akanawiri, mashavu yakajaa. Wageni waliokuja jioni walimtazama anavyopanga vijiti vyake kimya kimya, wakauliza, "Jamani, huyu mtoto halii?"

"Analia," alijibu Mama Chifu, "ila si hapa."

Majirani walianza kuulizia kama Dada ana mdogo wake anayetafuta kazi.

Daktari wa watoto alikuwa mtu aliyekwisha kuona mengi. Siku ya sikio alimchungulia Chifu kulia, akamchungulia kushoto, akakuta kuko safi. Akamgeukia Dada, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Lete hilo," alisema. Akachungulia. "Ehe. La kulia, limejaa usaha."

Akaandika dawa kwenye kadi ya mtoto. Dada akasoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake.

"Daktari, hiyo dozi ni ya kilo ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi nina sitini na nne."

Daktari akaitazama kadi, akaipindua, akaitazama tena. "Kadi ni ya mtoto," alisema. "Bima ni ya mtoto. Ugonjwa wenyewe ni wa mtoto. Nikiandika sitini na nne, watu wa bima wataniuliza huyu mtoto mnamlisha nini."

Mama Chifu akacheka. Dada naye akacheka kidogo, maana mwenye nyumba akicheka haifai kubaki peke yako.

Basi akawa anakunywa dawa ya maji ya rangi ya pinki, yenye utamu wa kukera, kijiko kidogo kimoja mara tatu kwa siku. Kwa mwili wake ilikuwa sawa na kumwagia moto wa pori chai iliyobaki kikombeni. Sikio ambalo kwa mtoto lingepona siku tano likaingia wiki ya tatu. Lilipotulia kidogo, mafua yakaingia. Mafua yalipotaka kuaga, sikio likarudi. Chifu hakuwa mgonjwa hata siku moja, na Dada hakuwa mzima hata siku moja.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe. Dada alikuwa na mtoto wake, msichana wa miaka mitatu kasoro, aliyeachwa kwa bibi yake, mwendo wa saa nne kwa basi. Bibi alimwita Mkemwenza, kwa ule utani wa mabibi na wajukuu, na jina likamkaa. Wakati wa kuajiriwa walikubaliana Dada atakwenda kwao mara moja kwa mwezi, Jumamosi aende, Jumatatu arudi. Mwezi wa kwanza alikwenda na mafua ya Chifu kifuani. Basi lilipofika kwenye mzani wa malori, nje kabisa ya mji, pua zake zikafunguka zote mbili kwa mkupuo. Akavuta hewa, akafurahi. Dakika hiyo hiyo simu ikaita. Chifu ameanza kupiga chafya.

Walijaribu mara mbili zaidi na matokeo yakawa yale yale. Ugonjwa ulikuwa haupiti mzani. Ukifika pale unashuka na kurudi nyumbani kwa mwenyewe. Mama Chifu akaandika sheria nyuma ya jalada la daftari, kwa mwandiko wake mzuri: Mlezi asisafiri akiwa na ugonjwa wa mtoto. Ilikuwa sheria ya haki ukiisoma haraka. Lakini mtoto wa umri ule akitoka kwenye mafua anaingia kwenye jino, akitoka kwenye jino anaingia kwenye tumbo, na yote hayo kwa dozi ya kilo kumi na moja. Dada alikuwa ameingia wiki ya kumi na moja bila kumwona mwanawe.

Jumanne bibi alipiga simu.

"Mkemwenza ana joto," alisema. "Nimemkanda maji ya uvuguvugu, nimempunguza nguo, nimempeleka kituo cha afya wamempa dawa. Linashuka linapanda. Anakuulizia."

"Ananiulizia mimi?"

Bibi alikohoa. "Anauliza yule mtu wa kwenye simu yuko wapi."

Dada alikwenda kuomba ruhusa akiwa ameshika sikio. Mama Chifu alikuwa anapaka rangi kucha zake, akaacha mkono mmoja hewani.

"Dada, Mungu anaona, ningekuwa na njia ningekuruhusu leo leo. Lakini hilo sikio ukilipeleka mzani linamrudia Chifu. Utakubali mtoto aumwe sikio? Wewe unajua linavyouma."

Dada alijua linavyouma.

"Subiri lipone," alisema Mama Chifu. "Tena chukua ile chupa ya pinki iliyobaki, umtumie kwa basi. Yeye ana kilo ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Ona, karibu inalingana."

Hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Chupa aliifunga mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni, akazungushia utepe ili isivuje.

Ijumaa bibi alipiga tena, akasema mtoto amepona, anaruka ruka. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali, imekauka.

"Joto limetokaje?" aliuliza Dada.

"Limetoka tu."

"Mama. Limetoka limekwenda wapi?"

Bibi akasema salio linaisha, ingawa hajawahi kulijua salio lake. Simu ikakatika. Dada alisimama jikoni na kijiko cha pinki mkononi. Aliogopa, na alikasirika, na safari hii hasira ilikuwa yake mwenyewe, haikuwa na dakika za kuandika.

Jumamosi asubuhi alimvalisha Chifu, akamlisha, akamkabidhi kwa baba yake, akatoka na mkoba kama anayekwenda dukani. Sikio lilimpigia ngoma njia nzima. Basi lilipofika kwenye mzani, kitu kikafyatuka ndani ya kichwa, akasikia injini, akasikia abiria wa nyuma anakula karanga. Alisikia aibu kumwachia mtoto mdogo maumivu yale. Pia alisikia raha, raha kubwa, na hilo alilikiri baadaye bila kuulizwa. Simu ilianza kuita. Aliiangalia mpaka ikanyamaza, ikaita tena, akaizima.

Mkemwenza alikuwa mlangoni anapanga vizibo vya chupa. Amekuwa mrefu. Alisimama, akaweka mikono nyuma kama watoto wanavyofundishwa kuwaamkia wageni.

"Shikamoo," alisema. Kisha akaingia ndani. "Bibi, kuna mtu."

Bibi alikuwa kwenye godoro, amejifunika blanketi mbili saa sita ya mchana, meno yanagongana. Midomo imepasuka. Dada alimgusa shingo, akaondoa mkono kwa haraka.

"Mama, umelichukua."

"Nani mwingine angelichukua?" alisema bibi. "Unadhani kazi hii umeianza wewe? Mimi nilikubeba wewe hivi hivi, surua yako nimeiugua mimi. Ila wakati ule nilikuwa na magoti."

Dada akavua viatu, akapanda godoroni, akamkumbatia mama yake kifua kwa kifua, akahesabu mpaka kumi na mbili. Akahesabu tena mpaka mia. Joto halikusogea.

"Acha, unanibana," alisema bibi. "Halitoki kwa mtu mzima kwenda kwa mwenzake. Linatoka kwa mtoto linakwenda kwa anayemlea, basi, halina njia nyingine."

Nje kukasikika kishindo. Mkemwenza alikuwa amekimbilia kizibo, akajikwaa kwenye kizingiti, goti limechunika, damu inatoka. Dada akaruka, akamnyanyua, akambana kifuani. Alikuwa tayari. Aliusubiri uchungu wa goti kwa hamu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwenye foleni. Mtoto akanyamaza ghafla. Lakini goti la Dada halikusikia kitu.

"Aaah!" bibi aliguta ndani ya nyumba. "Goti langu!"

Mkemwenza akamtazama yule mtu aliyembeba. Akasukuma kifua chake kwa viganja viwili, akataka kushushwa, akashushwa. Akaenda kwa bibi.

Siku mbili Dada alijaribu. Alimwogesha, alimlisha, alimwimbia, alimbeba mgongoni mpaka sokoni na kurudi. Mtoto alimstahi, akampa kizibo kimoja. Jumapili alitaka kuvaa ndala za bibi, akakatazwa, akajitupa chini. Dada akamnyanyua na kuhesabu, na ilipofika kumi na mbili, kwenye godoro mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye homa alianza kupiga visigino na kupiga mayowe kwamba anataka ndala, anataka ndala. Dada alikaa chini, akafunika uso.

Bibi alipomaliza alivuta pumzi muda mrefu. "Rudi kazini," alisema.

"Siwezi kukuacha hivi."

"Ukikaa tutalala njaa wote watatu. Mkono mtupu haulambwi. Na yule wa kule ni nani anamlea?"

"Yule si wangu, mama. Wangu ni huyu."

"Huyu ulimzaa," alisema bibi. Hakusema kwa ubaya. "Ugonjwa hauulizi uzazi."

Jumatatu alipanda basi la kwanza. Pale mzani sikio lilikuwa linamsubiri. Lilipanda, likakaa mahali pake upande wa kulia.

Mama Chifu alifungua geti mwenyewe. Alikuwa na nguo za juzi, nywele hazijachanwa. Dada alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata majibu alikuwa nayo, lakini matusi hayakuja.

"Nilimbeba siku mbili," alisema Mama Chifu. "Kifua kwa kifua, kama wewe. Nilihesabu. Baba yake naye akahesabu. Sikio halikutoka, Dada. Analia ananisukuma, anaita jina lako." Akaanza kulia pale pale getini, mkaguzi mzima wa ubora. "Ulimfanya nini mtoto wangu?"

"Nilimlea, mama."

Walisimama hapo wote wawili. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema jambo, na pengine kila mmoja alikuwa nalo. Chifu akatoka mbio, akarukia mguu wa Dada, macho makavu, mzima wa afya. Mama Chifu akafuta uso kwa kanga, akampa Dada daftari.

"Jaza hizo siku mbili," alisema. "Na usiende tena."

Alhamisi saa mbili asubuhi dada mkubwa wa Dada alipiga simu. Bibi amefariki alfajiri. Mazishi saa tisa, hawawezi kusubiri, nyumba haina barafu wala uwezo wa barafu. Mkemwenza wamemchukua wao kwa muda, ila yeye ana watoto watano na kibarua, hawezi kumdanganya mtu kwamba atamlea. Tena mtoto ana joto tangu jana jioni, bibi aliposhindwa kumbeba.

"Linashuka?"

"Halishuki. Mwenyewe nimembeba, halitoki. Limekaa tu humo humo kwake. Hivi huyu mtoto sasa analelewa na nani?"

Dada alikwenda sebuleni. Mama Chifu alikuwa anavaa viatu vya kazini. Aliposikia alikaa, akamshika mkono, akasema poleni sana, kazi ya Mungu haina makosa, mama ni mama. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Kisha yakaenda kwenye sikio la kulia la Dada, ambalo lilikuwa linatoa maji.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

"Likipona tu, Dada. Siku hiyo hiyo. Hata wiki nzima nitakupa. Umeona mwenyewe Jumamosi kilichotokea." Akampigia simu bosi wake kwamba atachelewa, maana mlezi amefiwa na si vizuri kumwacha peke yake. Akabaki nyumbani asubuhi ile kwa ajili ya kumfariji, akafungua kompyuta mezani.

Saa nne kasoro Chifu aliomba kikombe cha bluu. Alipoletewa alikisukuma. Akataka chekundu, akakikataa, akajitupa chali kwenye sakafu ya jikoni. Dada alizima jiko, akachuchumaa, akambana kifuani, akahesabu mpaka kumi na mbili. Akamweka mtoto chini, akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango.

Dakika saba za kwanza zilikuwa za Chifu. Visigino vilipiga sakafu kama kawaida, hataki, hataki, hataki. Dakika ya nane hasira ya mtoto ilikwisha, Dada akaisikia imekwisha, imetulia. Hakuinuka. Alikuwa amelala chali pale pale alipopewa ruhusa ya kulia, na nyumba nzima haikuwa na mahali pengine pa namna hiyo. Akaendelea. Alimlilia mama yake, na goti la mama yake, na mtoto aliyebaki na joto lake mwenyewe bila mtu wa kumpa. Mashine ilikuwa inazungusha shuka za Chifu, ikakamua, ikanyamaza, yeye bado.

Ilipofika nusu saa Mama Chifu alikuja mlangoni na daftari.

"Leo amezidi," alisema kwa sauti ya upole. "Kanyimwa nini?"

Dada alijibu akiwa bado amelala chali.

"Kikombe, mama."

"Bado anaendelea?"

"Bado."

Mama Chifu akaangalia saa yake. Alisubiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima mambo mpaka mwisho, na saa nne na dakika ishirini na sita akaandika: Hasira, moja. Dakika arobaini na moja. Sababu, kikombe. Kwa mlezi.

Chifu alikuwa amekuja nyuma yake, anaburuta miguu. Alikuwa ameshika kikombe cha bluu kwa mikono miwili, maziwa yamebaki nusu. Alikaa chini, akakisogeza mpaka kikagusa mlango wa chumba cha kufulia, akagonga kwa kiganja.

"Dada, shika," alisema. "Chako."

Mama Chifu akafurahi mno. Alipekua daftari mpaka kurasa za mwisho, zile za maendeleo ya mtoto, akatafuta mstari mtupu, akaandika tarehe na maneno mawili: Ameanza kugawana.